Mama, Kiraka Chako Kinapiga Kelele

Mama,

Naandika kwa herufi kubwa, zimeachana, kama ulivyotaka siku zote. "Usizibananishe," ulikuwa ukinikemea kila nikikuandikia orodha ya sokoni, "mimi nasoma kwa kidole, sisomi kwa mbio." Basi sizibananishi. Nimekaa kwenye stuli yako mbele ya cherehani, daftari liko juu ya meza yake, na mlango nimeuwekea tofali kwa sababu upepo wa Kizwite leo hauna adabu hata kidogo. Mwezi wa saba umerudi. Mwaka mzima tangu tukurudishe Msanzi ukalale karibu na bibi, na mwaka mzima nimekuwa nikishika kalamu na kuiweka chini. Leo sijaiweka. Nina la kukuambia, Mama. Weee, nina la kukuambia!

Lakini nianze na habari za nyumbani, maana najua ukipewa kubwa kabla ya ndogo unanuna. Cherehani ni nzima, naitia mafuta kila Jumamosi. Mimi bado nauza mbolea na mbegu pale dukani Katandala, na bado nagombana na bosi. Yule jogoo wako mkorofi tulimla Pasaka. Nisamehe, alikuwa amezidi, alimdonoa hadi katekista. Na kinamama wenzako viziwi hawajatawanyika kama ulivyoogopa. Wote sita wanakuja Jumanne na Ijumaa, wanajaa chumbani humu, wanashona na kusengenya kwa mikono mpaka nawaonea huruma wanaosengenywa. Mama Sesi ndiye mwenyekiti sasa. Hakuchaguliwa. Siku ya kwanza baada ya matanga alikuja, akachukua ufunguo msumarini, akautia kwenye sidiria, kikao kikaisha.

Sasa hilo kubwa. Ni lile blanketi la Mwalimu Pelagia.

Unakumbuka alivyokuja hapa, mwalimu mzima mstaafu na miwani yake ya kamba, akakaa kwenye kochi letu lililotoboka, akaeleza mpango wake? Kila kikundi cha wanawake, cha mjini na cha vijijini, kishone kipande kimoja cha mraba, mita moja kila upande, kuhusu kitu wanachokijua kuliko vyote. Halafu vipande viunganishwe viwe blanketi moja kubwa la viraka la kufunika ukuta wa mbele wa ukumbi mpya wa mikutano kule Katandala. Mimi nilisimama katikati yenu, mdomo kwake, mikono kwako, kama nilivyosimama tangu nina miaka sita. Ulicheka mpaka ukafuta machozi. "Nimejinyima miaka yote nisikuvishe kiraka," ukaniambia, "leo mwalimu anataka ukuta mzima wa viraka?" Nikamwambia, akacheka na yeye. Kisha ukaacha kucheka. Ukamtazama usoni ukauliza, "Na sisi viziwi tunakuja kama wageni au kama wenyewe?"

Mwalimu hakulielewa swali. Mimi nililielewa. Ninyi mlishazoea kualikwa. Mnakalishwa mbele, mnapewa soda, mnapigwa picha, mnarudishwa nyumbani, na hakuna aliyewauliza lolote. Nilipomfafanulia, Mwalimu alivua miwani akasema, "Kama wenyewe." Ukampa mkono palepale, na ukaukamua kweli, nikamwona anavyojikaza.

Vikundi vingine nasikia vilibishana wiki nzima washone nini. Wewe ulijua kabla chai haijapoa. Ulisema wenye masikio watashona vitu vya kutazama, ninyi mtashona kitu cha kushika. Ukachagua shamba la ulezi la Msanzi, lile la mteremkoni, na yale matuta ya mviringo ambayo bibi alikuwa akifukia majani yaoze ndani yake. Kila tuta liinuke juu ya kitambaa, lijae, mtu akifumba macho aweze kulitembelea shamba kwa vidole. Ila pamba uliikataa, ukasema inasinyaa. Mahindi ukasema ni kuwaita panya kwenye sherehe. Ukahangaika siku kadhaa, hadi mchana mmoja ukarudi umefunga kitu kwenye ncha ya kanga, unatembea haraka haraka, uso umekunjuka. Ulikuwa na mbegu. Zile nyeusi, za mviringo, ngumu kuliko jino, za yale maua mekundu yanayoota kando ya mfereji. Haziozi, panya hawazitaki, na ukizigusa kupitia kitambaa zinakimbia chini ya kidole kama udongo uliolimwa vizuri.

Uliziona kwa watoto wa jirani. Wanazitia kwenye kopo tupu la maziwa, wanalifunga, wanalitikisa kutwa nzima. Na wewe, Mama, ulidhani wanalitikisa kwa sababu ya kule kutekenywa kiganja. Ulimwomba mtoto kopo lake, ukalishika kwa mikono miwili, ukatikisa, ukafumba macho, ukatabasamu. "Hawa watoto wanajua raha," ukaniambia. Mimi nilikuwa nafua. Nilicheka, nikaendelea kufua.

Ulimaliza mistari mitatu ya matuta. Kifua kilipokubana ukahamia kitandani na sindano ya mkono, nikikunyang'anya unaificha chini ya mto. Siku ile ya mwisho ulininyooshea kitambaa, ukanionyesha mstari wa nne, ukaniambia polepole, mkono mmoja tu kwa sababu wa pili ulikuwa umechoka, "Huu umepinda. Mwambie Mama Sesi aufumue." Hayo ndiyo ya mwisho, Mama. Wenzangu wanaachiwa maneno ya kuandika kwenye msalaba, mimi nimeachiwa mshono wa kufumua. Nililia, nikacheka, nikalia tena. Na Mama Sesi aliufumua, maana kweli ulikuwa umepinda.

Baada ya arobaini walianza tena. Sita wale, kila mtu na mstari wake. Tabu wa Kasanga, mtoto wa ziwani, ambaye kabla ya kuja mjini alikuwa hajawahi kuona tuta la ulezi, alinifanya nimchukue hadi Msanzi kwa bodaboda akashike yale ya kweli, akarudi na udongo kwenye kucha na hakutaka kuziosha mpaka amalize kushona. Walikuwa wanashona huku mtu mmoja kaweka kiganja juu ya meza ya cherehani kusikiliza mashine inavyokwenda, kama ulivyowafundisha, akihisi inagonga vibaya anampiga mwenzake begani. Nilizoea kuwatazama wakati wa kupika chai. Nilikuwa nadhani nawajua.

Siku walipomaliza waliinuka wakakishika kile kipande pembe nne ili wakipime. Mimi nilikuwa mlangoni na birika. Wakakikung'uta mara moja, kutoa vumbi la nyuzi.

Mama, kilisema.

Sijui nikuandikieje. Matuta arobaini na kitu, kila moja na ngumi ya mbegu, zote zikashuka kwa pamoja, na chumba kikajaa. Nilishtuka mpaka chai ikanimwagikia mguuni. Na hakuna aliyegeuka. Walikikung'uta tena, na tena, wakikagua mishono, wametulia kabisa, huku sauti ile inapanda hadi kwenye bati na kurudi. Walikuwa sita na kipande kinachounguruma mikononi mwao, na aliyekuwa akisikia ni mimi peke yangu.

Sikuwaambia. Nataka nikiri hapa. Niliiweka birika chini, nikafuta mguu, nikawaambia, "Kimependeza." Nilijidanganya kwamba nitawaambia kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mitatu. Kila waliposhuka barabarani kwenda kwao nilikuwa nafunga mlango, nakitoa kwenye sanduku, nakitikisa kidogo, nasikiliza. Nilikuwa nimekumiss, Mama, na kile ndicho kitu chako pekee kilichokuwa bado kinaongea.

Basi ikafika Jumamosi ya kuunganisha. Tulikifunga kwenye kanga, nikakipakata kwenye bodaboda, nikakibana kwa mapaja kisitikisike. Ukumbini palikuwa na watu, jamani! Wanawake wamejaa sakafuni, masweta, mitandio, watoto mgongoni, kila kikundi na kiraka chake. Wakulima wa Kizwite wameshona ghala. Wa Msanzi wamekata kanga za wazazi wao waliofariki, vipande vidogo vidogo, ukikaribia unasoma nusu ya jina hapa na nusu ya ua pale. Kinamama Waislamu wa kule ziwani wametumia wavu wa dagaa wa kweli juu ya kitambaa cha buluu, na Tabu alipouona aliukumbatia, kaunusa, kaanza kulia. Tulitandaza vyote chini, kila mtu akashona upande wake na wa jirani yake kwa mshono wa muda. Mama Sesi alishona na mama mmoja wa kwaya, hawajuani hata jina, vichwa vimegusana, saa nzima. Chini pale kiraka chenu kilikaa kimya kwa sababu kimelala.

Kisha Mwalimu akapiga makofi, akasema, tuliinue blanketi tulitazame.

Wakainua. Na mbegu zikashuka.

Kwanza watu waliruka, halafu kicheko. Siwalaumu, Mama, kilikuwa kicheko cha kawaida tu cha watu walioshtuliwa. Lakini mama mmoja wa kamati, wa sauti kubwa, akaja akakishika akakitikisa. "Hii ni nini sasa, manyanga? Ukumbi huu ni wa mikutano. Na huu upepo wetu, kila mlango ukifunguliwa tutasikilizana vipi?" Wengine wakaitikia. Akaendelea, wala hakuwa na hasira, alikuwa anapanga kazi tu kama mtu anayepanga sufuria: "Yapasuliwe haya matuta, zitolewe, itiwe pamba. Wenyewe hata hawatajua."

Sita wale walikuwa wananitazama. Unajua jinsi wanavyotazama. Wameona vicheko, wameona kidole kinaelekezwa kwenye kazi yao, wanasubiri mikono yangu. Na mikono yangu, Mama, ikasema, "Wamefurahi. Wanasema kimependeza."

Mama Sesi hakuniangalia hata mikono, aliniangalia uso. Akanisogelea akanishika viganja vyote viwili, akavibana, yaani alinifunga mdomo. Halafu akaviachia akaniuliza, "Mama yako alikufundisha hivi?"

Alijua anapiga wapi. Nilikuwa na miaka minane, tuko sokoni, umebishana bei ya kitambaa, muuzaji akaniambia niondoe bubu wangu dukani kwake. Nikakugeukia nikakuambia, "Anasema bei ni ya mwisho." Ulinunua, ukashukuru, ukatoka. Tulipofika njia panda ulinisimamisha, ukachuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa. "Nimemwona mdomo. Hakusema bei. Sema yote, Odilia. La matusi sema, la huruma sema. Usinichagulie." Ulirudi dukani na kitambaa chako, ukakiweka mezani, ukachukua hela yako, ukaondoka umeinua kidevu. Nilikimbia nyuma yako mpaka nyumbani, najikwaa.

Kwa hiyo pale ukumbini nikasema yote. Kipande kina sauti. Mbegu zinapiga kelele kila kikiguswa. Wamecheka. Wanataka kuyapasua matuta. Wamesema ninyi hamtajua. Niliyasema moja moja, na nilipomaliza Mama Sesi akauliza swali nililokuwa nikiliogopa miezi mitatu. "Wewe ulijua?"

Nikasema, "Nilijua tangu siku ya kwanza."

Sitaki kukuandikia nyuso zao. Mama Sesi alikaa chini. Nilidhani ni mimi amenikasirikia, na kweli amenikasirikia, lakini kulikuwa na kubwa kuliko mimi. Ilikuwa aibu. Mimi ninayesikia nilichelewa kuielewa. Ninyi mmeishi maisha yenu yote mkigeukiwa na watu bila kujua mmefanya nini. Kiti kimelia, kikombe kimegongwa, koo limetoa mguno, na nyuso zote zinageuka. Nakumbuka kanisani Msanzi, misa ya bibi, padri kanyamaza, kanisa zima limenyamaza, na wewe unalia. Ulikuwa unalia kwa sauti ambayo hukujua unayo. Watu wakageuka. Ukaona wanavyokutazama, ukaziba mdomo kwa kanga, na tangu siku ile kanisani ulikuwa unauma midomo mpaka inakuwa myeupe. Sasa hawa sita wameshona miezi kwa akili zao zote kitu cha kuwaweka ukutani kama wenyewe, kumbe kitu chenyewe kitawaumbua kila siku mbele ya mji.

"Tunakitoa," akasema Mama Sesi. "Chote. Tunarudi nacho nyumbani." Akachukua mkasi wake, akaanza kukata ule mshono wa muda alioshona na mama wa kwaya. Mama wa kwaya akabaki ameshika sindano, hajui kinachoendelea. Nami nikasimama kama mlingoti. Nilijua kikitoka pale hakitarudi, na hakuna kikundi cha viziwi kitakachokubali tena kuitwa mahali. Kazi yako ya mwisho ilikuwa inakatwa mbele yangu, na sikuwa na haki ya kusema neno.

Aliyetuokoa ni Tabu, Mungu ampe maisha marefu. Alinivuta sweta. "Sauti yenyewe ikoje?"

"Ikoje vipi?"

"Ikoje! Ya punda? Ya pikipiki? Ya mume wa jirani yangu akila, ambaye kila mtu anasema anakera?"

Nitamwelezaje, Mama? Maneno ya sauti yote ni ya masikio. Nikamshika mkono, nikakunja mkono wa sweta, nikamgonga ngozi kwa ncha za vidole vyangu vyote kumi, kidogo, halafu nyingi, halafu nyingi sana, zikishuka kutoka kwenye kiwiko hadi kiganjani. Nikamwambia, "Mvua ya kwanza ikipiga bati, ukiwa umeweka mkono ukutani. Ni hiyo." Tabu akafumba macho. Aliponiomba nirudie nikarudia. Kisha akaenda kwa Mama Sesi palepale chini, akamshika mkono wenye mkasi, akamfanyia vilevile.

Mama Sesi akautazama mkono wake. Akaweka mkasi. Akasimama, akaniambia, "Waambie wote wafunge midomo. Halafu waliinue tena. Wakishaisikia vizuri, bila kucheka, ndipo waseme kama ni kelele. Na uwaambie ni mimi nimesema. Usilainishe."

Sikulainisha. Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa popote, mpaka nikajishangaa, maana siku zote nikitafsiri nilikuwa nanong'ona, ili watu wasiniangalie sana. Mwalimu Pelagia akasema, "Mmemsikia mwenyekiti." Wakaja wote, vikundi vyote, wakashika kingo za lile blanketi pande zote, wazee kwa wasichana, na wale sita wakashika upande wao. Mtu akafungua milango miwili. Wakavuta, likainuka kutoka sakafuni, likakaza.

Ukumbi ukanyamaza. Watoto pia, sijui ni muujiza gani. Na upepo ukaingia.

Mama, nimeshasikia kengele za kanisa, nimesikia ngoma, nimesikia radi ikipasuka juu ya Ufipa. Sijasikia kitu kama kile. Blanketi lilipanda katikati, taratibu, likashuka, na sauti ya mbegu ikatembea kutoka tuta hadi tuta, mstari hadi mstari, ikaenda na kurudi, na kila liliposhuka ilikuwa kama shamba lote linavuta pumzi. Nilimtazama yule mama wa kamati, mdomo umebaki wazi kidogo, macho yamejaa. Aliachia ukingo wake, akaja polepole, akaweka kiganja chake juu ya matuta, akakiacha hapo.

Lakini hicho sicho kilichonimaliza nguvu. Niliwageukia wale sita nikitaka kuwaeleza, nikaona hawanihitaji. Lile blanketi lilikuwa limekazwa na mikono zaidi ya mia, na ule mtetemo wa mbegu ulikuwa unapita kwenye kitambaa chote, kwenye ghala, kwenye wavu, kwenye kanga za marehemu, unawafikia vidoleni. Tabu alikuwa amekodoa macho. Mama Sesi alikuwa ameinamisha paji la uso mpaka limegusa kitambaa. Walikuwa wanakisikia kiraka chao, na watu wengine wote walikuwa wanakisikia, kwa wakati mmoja. Katika maisha yangu yote mimi ndiye niliyekuwa daraja, Mama. Kwa dakika zile daraja halikuwa na kazi. Nilishika ukingo kama mtu mwingine yeyote, nikalia.

Walipolishusha, Mama Sesi hakusubiri kuulizwa. Akaniambia niwaambie kwamba atakayepasua tuta hata moja aanze kumpasua yeye. Nikawaambia. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na safari hii alikuwa anajua kwa nini. Akaniambia na lingine, lile si la kuwatafsiria, lilikuwa langu: "Nina miaka sitini. Sijawahi kuona watu wenye masikio wamenyamaza wote kwa ajili yetu." Tabu naye akadakia kwamba sasa wanaosinzia mikutanoni wamekwisha. Halafu Mama Sesi akachukua sindano, akarudi kwa mama wa kwaya, wakaushona upya ule upande alioukata, na safari hii kwa mshono wa kudumu.

Sasa limetundikwa. Kiraka chenu kipo mstari wa chini, kwenye usawa wa mikono, Mama Sesi alidai hivyo na akapewa. Juzi nilipita. Kikao cha wazazi kilikuwa kinaendelea, mtu akaingia, upepo ukaja naye, mbegu zikasema. Mwenye kikao alinyamaza, akasubiri ziishe, ndipo akaendelea. Hakuna aliyecheka. Pembeni bibi mmoja alikuwa amefumba macho, anapapasa matuta.

Ila jioni ile ya kuunganisha, tukirudi Kizwite kwa miguu, Mama Sesi alinisimamisha. Bado hajanisamehe sawasawa, na ana haki. Aliuliza, "Kuna kingine unachotuficha?" Nikasema hakuna.

Nilidanganya tena. Kipo kimoja, Mama, na si chao, ni chako. Nimekaa nacho tangu utotoni na ndicho kilichonikalisha hapa leo na kunifungia mlango.

Ulikuwa unaimba.

Kila ulipokaa kwenye stuli hii na kuanza kukanyaga cherehani, ulikuwa unaimba. Si maneno. Ilikuwa sauti ya chini, nzito, kifuani, inaanza na gurudumu linapoanza. Ukikimbiza mshono mrefu inapanda. Ukifika kwenye kona inapungua. Ukikata uzi inakatika, halafu inaanza tena pale pale ilipoachia. Nililala kwa sauti hiyo nikiwa mtoto. Nilifanya nayo hesabu za shule. Mama wa jirani alikuwa akizima redio ukianza, aliniambia siku ya matanga, alidhani na wewe ulikuwa unajua. Mtaa mzima ulikuwa unakusikia, Mama, na wewe tu ndiye uliyekuwa huna habari.

Sikukuambia kwa sababu niliona midomo yako kanisani. Niliogopa ukijua utaiuma na humu ndani. Nilijiambia nakulinda. Sivyo. Niliitaka iwe yangu, nikakuchagulia, jambo lile lile ulilonikataza ukiwa umechuchumaa njia panda. Nisamehe. Ulikuwa na haki ya kujua kwamba una sauti na kwamba ni nzuri, nzuri kuliko ninavyoweza kuandika, na ungeamua mwenyewe uifanyie nini.

Ijumaa kinamama wakija nitawaambia kwamba kila mmoja wao ana sauti yake anaposhona, kwa sababu ni kweli, wanazo, na ninazijua zote sita. Atakayetaka kuijua yake nitamweleza mkononi, taratibu, mpaka aielewe. Kwa asiyetaka nitanyamaza. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na nitaitimiza.

Nimalizie hapa, giza linaingia na nataka niwahi kufunga kuku. Nenda vizuri, Mama. Umpe bibi shikamoo yangu. Na kama huko mliko kuna cherehani, kaa, kanyaga, wala usiume midomo.

Odilia wako.